Sarufi ya mafuriko: tahadhari zetu zinamlinda nani?

Mwaka 2027 ndio ukomo ambao Umoja wa Mataifa umejiwekea: kila mtu duniani awe anafikiwa na tahadhari za mapema za majanga. António Guterres aliutangaza mpango huo Machi 2022, na Novemba mwaka huohuo, kwenye mkutano wa tabianchi wa COP27 kule Sharm el-Sheikh, ukatajwa kuhitaji dola bilioni 3.1 kwa miaka mitano. Tangu hapo mazungumzo ya ukanda wetu yamekuwa ya mitambo: rada, vituo vya kupimia mvua, ujumbe wa simu utakaoingia kwenye kila mkono kwa mpigo. Tatizo, tunaambiwa, ni kufikisha. Mafuriko yakishapita na miili ikishazikwa, tatizo linahamia kwa wananchi: walitahadharishwa, hawakusikia. Maelezo yote mawili yanaruka kitu kilicho katikati ya mtambo na sikio, nacho ni sentensi yenyewe. Dai langu ni kwamba tahadhari zetu nyingi zimeandikwa kwa sarufi inayomkinga mwandishi na lawama, wala si kwa sarufi ya kumwondoa msikilizaji mahali alipo. Rada haitibu hilo. Rada itafanya sentensi ileile ifike mapema zaidi.

Chukua tangazo la kawaida la Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, lile lenye ramani iliyopakwa njano ambalo husambaa WhatsApp jioni. Umbo lake halibadiliki sana. Angalizo la mvua kubwa limetolewa kwa baadhi ya maeneo ya mikoa fulani, na mikoa inatajwa. Uwezekano wa kutokea: wastani. Kiwango cha athari: wastani. Athari zinazoweza kujitokeza: baadhi ya makazi kuzungukwa na maji. Tafadhali zingatia. Nikiri kwanza kuwa hii ni hatua kubwa kuliko tulikotoka. Zamani tulisomewa milimita na nyuzi, basi. Mwaka 2015 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitoa mwongozo uliozitaka taasisi za nchi ziache kusema tu mvua itakuwaje na zianze kusema itafanya nini, na kisanduku hicho cha athari ni matunda ya mwelekeo huo. Wataalamu walitimiza sehemu yao. Lakini soma tena sentensi ya kwanza uangalie kiima chake. Kiima ni angalizo. Mvua haimo, mto haumo, wewe msomaji humo. Kitenzi ni “limetolewa”: karatasi ndiyo iliyofanyiwa jambo, na aliyeifanyia hatajwi. Kinachoripotiwa hapo ni kwamba ofisi imemaliza kazi yake.

Kisha linakuja hilo “kuzungukwa”. Kitenzi cha Kiswahili kikiwa kamili hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja. “Yatawazunguka” ni sentensi nzima: hayo maji, muda ujao, ninyi. Ni nguvu ambayo lugha nyingi hazina, na mwandishi wa tangazo ameitupa yote kwa kuchagua kitenzi-jina. “Kuzungukwa” hakuna wakati, hakuna nafsi, hakumhusu mtu. “Baadhi ya makazi” nako kunamalizia kazi, maana hakuna anayeamka asubuhi akajiita baadhi ya makazi. Kila mmoja anadhani baadhi ni wale wa bondeni zaidi kuliko yeye. Mwisho tunafika kwenye amri pekee ya tangazo zima, “zingatia”, ambayo haina yambwa. Zingatia nini? Nahodha mmoja wa ngalawa pale Feri, niliyemsomea tangazo la namna hii la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, halafu akauliza: “Sasa kaka, tuende au tusiende?” Hakuwa na tatizo la msamiati. Huyu ni mtu anayetofautisha kusi na matlai kwa shingo yake, na bamvua na maji mafu bila kutazama kalenda. Alichokosa ni kitenzi kinachomhusu.

Kuna pia neno moja, “wastani”, ambalo haliwezi kupita bila kuhojiwa, kwa sababu kwenye taarifa moja linafanya kazi tatu. Kuna mvua za wastani, uwezekano wa wastani na athari za wastani. Kwenye utabiri wa msimu, ule unaotolewa na ICPAC, kituo cha utabiri wa tabianchi cha ukanda wetu, na taasisi za kila nchi, wastani una maana ya kihesabu. Wataalamu huchukua mvua za miaka kama 30, huzipanga kutoka mwaka mkavu hadi mwaka wa maji mengi, kisha huzigawa mafungu matatu yaliyo sawa. “Juu ya wastani” maana yake ni kuangukia katika fungu la miaka kumi yenye mvua zaidi. Bila taarifa yoyote, kila fungu lina nafasi ya asilimia 33. Wakisema msimu huu fungu la juu lina asilimia 45, wamekuambia jambo la maana kwa mwenye kupanga akiba ya mbegu za mkoa mzima, lakini bado kuna asilimia 55 kwamba mvua hazitafika huko. Isitoshe, hesabu hiyo ni ya jumla ya miezi mitatu. Dar es Salaam haizami kwa jumla ya miezi mitatu, inazama kwa usiku mmoja, na usiku huo unaweza kutokea ndani ya msimu ulio chini ya wastani. Mkulima wa Kilosa anayesikia “wastani hadi juu ya wastani” anasikia sifa, kama mtu anayesema ugali umetosha hadi kubaki. Hasikii kamari iliyopimwa, na hakuna sehemu ya sentensi inayomwambia kuwa ni kamari.

Kenya ilitupa mfano mchungu wa jinsi maana inavyopotea bila mtu yeyote kusema uongo. Kuelekea mvua za vuli za 2023 wataalamu walikuwa wametabiri El Niño, na nchi ikaanza kujiandaa. Oktoba Rais William Ruto akawaambia wananchi kwamba wataalamu wamebadili utabiri, kwamba mvua zitakuwa kubwa lakini hazitafikia kiwango cha El Niño ya uharibifu. Kwa mtaalamu, El Niño ni joto la maji ya bahari ya Pasifiki, basi. Kwa Mkenya au Mtanzania aliyekuwa mtu mzima mwaka 1997, Elinino ni jina la madaraja yaliyokatika na makaburi. Kwa hiyo ukimwambia huyu wa pili kwamba El Niño haipo, hujampa habari za Pasifiki. Umemwambia mafuriko hayapo. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya iliendelea kusisitiza kuwa mvua za juu ya wastani bado zinatarajiwa, lakini ukanusho wenye jina la kutisha ndani yake hukumbukwa kuliko sahihisho lenye asilimia. Novemba mito ikavunja kingo. Zaidi ya watu 100 walikufa nchini humo katika msimu ule na maelfu kwa maelfu wakahama makazi. Sidai kwamba kauli moja ndiyo iliyoua, maana mvua ile ingekuja na kauli au bila kauli. Ninachosema ni kwamba kauli haipimwi kwa kile inachotamka peke yake. Hupimwa pia kwa kile ambacho msikilizaji, akiwa na historia yake, hawezi kujizuia kukisikia.

Wapo wanaopinga mwelekeo huu wa mawazo kwa hoja nzito, na hoja nzito kuliko zote ni ya umaskini. Watu wa bonde la Msimbazi wanajua mto wao kuliko mtabiri yeyote. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, serikali iliwapa baadhi yao viwanja Mabwepande, na wapo waliorudi mjini, kwa sababu riziki yao ilikuwa Kariakoo na nauli ya kila siku ilikuwa inakula faida yote. Hapo hakuna sentensi itakayofua dafu. Mtu asiye na kodi ya miezi sita ya chumba kwingine hatahamishwa na kitenzi kilichonyooka. Naikubali hoja hii yote, ila naomba tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila mwaka. Kuhama bonde ni suala la ardhi na kipato. Kuondoka bondeni kwa usiku mmoja, kupandisha watoto na vyeti na godoro kwa shemeji wa Magomeni, hilo ni suala la taarifa. Maskini hufanya maamuzi ya usiku mmoja kila siku ya Mungu, tena kwa umakini mkubwa kuliko wenye bima. Wanachohitaji ni kujua ni usiku upi.

Hoja ya pili ni ya mamlaka. Sheria Namba 2 ya mwaka 2019 iliyounda Mamlaka ya Hali ya Hewa iliipa kazi ya kutabiri na kutoa tahadhari za hali ya hewa. Kuwaamuru watu waondoke si kazi yake. Hayo ni ya kamati za maafa za mkoa, wilaya, kata na kijiji, zilizowekwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Maafa Namba 6 ya 2022. Mtabiri akiandika “ondokeni” atakuwa amevuka mpaka. Ni kweli kisheria, na ndiyo maana simlaumu mtabiri peke yake. Lakini mwananchi hapokei sheria mbili, anapokea picha moja ya WhatsApp, na picha hiyo ina nusu ya kwanza tu ya habari. Nusu ya pili, ile ya kufanya nini na kwenda wapi, hubaki kwenye shajala ya mkutano wa kamati, kama mkutano ulifanyika.

Ya tatu ni ya sayansi yenyewe: hali ya hewa haina uhakika, na kusema kwa ukali jambo lisilo na uhakika ni kudanganya. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilikuwa kinaelekea pwani ya Tanzania, watu wakatahadharishwa, kikanyong’onyea kabla ya kutua. Mizaha ilijaa mitandaoni. Miaka mitatu baadaye, Mei 2024, Hidaya ikafika kweli karibu na kisiwa cha Mafia na kuvuruga pwani ya kusini, na tayari wapo waliokuwa wamejifunza kucheka. Wazee wa Unguja hawakuhitaji kufundishwa kwamba vimbunga hufika kweli, kwa kuwa kimbunga cha 1872 kilichong’oa mikarafuu mingi ya kisiwa hicho bado kinasimuliwa kama mwanzo wa utajiri wa karafuu wa Pemba. Sasa, naheshimu sana shaka ya mwanasayansi. Ninachokataa ni mahali anapoiweka. Shaka kuhusu kama kimbunga kitafika haipaswi kumwagikia agizo la nini kifanyike. “Huenda kikafika, huenda kisifike, kwa usiku huu vyombo vidogo visitoke” ni sentensi ya kweli kisayansi na iliyonyooka kimaagizo. Nusu yake ya kwanza inayumba kwa sababu ulimwengu unayumba. Nusu ya pili imesimama kwa sababu uamuzi lazima usimame. Na siku kimbunga kisipofika, aliyesema hivyo hajaonekana mwongo, kwa kuwa alisema tangu awali kwamba huenda kisifike.

Hoja ya nne husemwa kwa sauti ya chini kwenye ofisi na kwa sauti ya juu kwenye mikutano ya waandishi: lugha kali itazua taharuki. Hii ndiyo dhaifu kuliko zote, na inashangaza inavyodumu. Watafiti wa majanga, hasa kundi la mwanasosholojia Enrico Quarantelli kule Marekani, walitumia miongo kadhaa kuchunguza watu wanafanyaje wakati wa maafa, na walichokikuta mara kwa mara ni kwamba kukimbia ovyo kwa hofu ni nadra. Kinachotokea zaidi ni kinyume chake: watu husita, huulizana, humpigia mjomba, hutazama jirani kama anafungasha. Yaani ugonjwa wetu ni kukawia, halafu tunautibu kwa dawa ya kutuliza. Wakati wa Hidaya boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa, na pwani haikulipuka kwa vurugu. Abiria walinung’unika, wakapiga simu, wakasubiri. Nashuku kwamba neno taharuki, likitamkwa na kiongozi, mara nyingi linataja hofu ya kiongozi mwenyewe: hofu ya maswali yatakayofuata.

Kabla sijafika kwenye maswali hayo, niseme kidogo kuhusu akiba tuliyo nayo na hatuitumii. Kiswahili kina silabi moja, -ki-, inayobeba sharti na wakati kwa pamoja. “Maji yakigusa nguzo ya daraja, mtoke” inampa mtu kipimo anachoweza kukiona kwa tochi, bila intaneti, bila kujua milimita. Kina -sije- ya kuonya kabla: mtoke mapema giza lisije likawakuta njiani. Kina umoja na wingi katika amri, na tofauti hiyo si ya mapambo. “Zingatia” inamwambia mtu mmoja aliyekaa peke yake na simu. “Tokeni” inauambia mtaa, na mtaa ukisikia kwa pamoja hutazamana na kuondoka kwa pamoja. Kuna pia sikio. Tangazo huandikwa lisomwe, ilhali usiku wa mvua humfikia mtu kwa spika ya msikiti, kwa redio ya jamii, kwa mjumbe anayepita akigonga milango. Sentensi yenye mikoa saba kabla ya kitenzi chake haisikiki; msikilizaji anakuwa ameshapoteza mwanzo kabla ya kufika mwisho. Na pale Kiswahili chenyewe si lugha ya nyumbani, mambo huzidi. Desemba 3, 2023, tope la Mlima Hanang liliposhuka juu ya Katesh na vijiji vya jirani na kuua zaidi ya watu 80, lilishuka kwenye nchi ya Wairaqw na Wadatoga, ambako bibi kizee anaweza kuishi maisha kamili bila kukutana na “kiwango cha athari”. Onyo lolote la sentensi fupi angeweza kutafsiriwa na mjukuu wake hapohapo. Kisanduku cha wastani hakitafsiriki, kwa sababu hakisemi jambo.

Wenye mfano wa kuigwa ni Bangladesh. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000 huko. Mwaka 1972 wakaanzisha mpango wa kujiandaa na vimbunga wakishirikiana na Hilali Nyekundu, na leo una watu wa kujitolea zaidi ya 76,000 vijijini, wenye vipaza sauti na bendera: moja, mbili, tatu, kadiri hatari inavyopanda. Vifo kutokana na vimbunga vimeshuka sana tangu enzi hizo. Wapenda mitambo husema ni satelaiti, na wapenda jamii husema ni vipaza sauti. Lakini nyuma ya yule kijana mwenye kipaza sauti kuna pia jengo la zege lililoinuliwa kwa nguzo, na yeye anaweza kusema “nendeni” kwa sababu “kule” pamejengwa.

Hapa ndipo sarufi inapoacha kuwa mambo ya walimu wa lugha. Amri kamili humfunga anayeitoa. Ukiandika “limetolewa”, hudaiwi kitu. Ukiandika “tokeni”, utaulizwa: twende wapi? Mei 2024, siku chache baada ya maji kusomba nyumba za watu Mai Mahiu alfajiri, serikali ya Kenya ilitoa amri isiyo na utata wowote: wote walio karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 waondoke ndani ya saa 24. Kitenzi kilikuwepo, nafsi ilikuwepo, wakati ulikuwepo. Kilichopungua ni mahali, na kwa wengi wa Mathare na Mukuru jijini Nairobi waliokuwa kandokando ya mito, kilichofuata amri za kuondoka kikawa tingatinga. Kwa hiyo sitetei ukali wa lugha. Amri isiyo na mahali pa kwenda nayo ni sentensi pungufu, tena pungufu kwa namna inayoumiza zaidi kuliko “zingatia”.

Woga wa waandishi wa matangazo nao hauna upuuzi ndani yake. Italia iliwashtaki wataalamu baada ya tetemeko la L’Aquila la Aprili 2009 lililoua zaidi ya watu 300. Hawakushtakiwa kwa kushindwa kutabiri, walishtakiwa kwa jinsi wananchi walivyotulizwa kabla yake. Mwaka 2012 wakahukumiwa miaka sita jela kila mmoja, na 2014 wanasayansi sita wakafutiwa hatia kwenye rufaa. Ofisa yeyote mwenye akili, akisoma kesi hiyo, atakimbilia “baadhi ya maeneo” na “uwezekano wa wastani”, na mimi ningekuwa kwenye kiti chake huenda ningefanya vivyo hivyo. Ndiyo maana dawa haiwezi kuwa semina ya uandishi bora kwa watabiri. Anayetakiwa kuandika nusu ya pili ya tangazo ni mkurugenzi wa halmashauri pamoja na kamati yake ya maafa, na kabla hajaandika “familia za ng’ambo ya daraja, nendeni shule ya msingi” atalazimika kumpigia mwalimu mkuu simu ajue ufunguo uko kwa nani, vyoo vinatumika, na nani atalinda friji na vyerehani vilivyobaki nyuma, maana wengi hawaondoki kwa kuogopa wezi. Ningependa kuona halmashauri moja tu ya Dar es Salaam ikijaribu masika yajayo: sentensi tatu, jina la mto, jina la shule, namba ya simu ya mwenye ufunguo, zisomwe kwenye spika saa kumi na mbili jioni. Watakaobaki nyumbani baada ya hapo tuwafuate asubuhi tuwaulize sababu, na tuyaandike majibu yao kabla mtu hajasema tena kwamba hawakusikia.